Anza na Ofisi, Jina Litafuata: Namna ya Kusaka Majalada ya Zamani ya Serikali na Mahakama ya Tanga

Kila ukoo hapa Tanga una swali lake la zamani. Shamba la Pongwe lilitokaje mikononi mwa babu? Ile kesi ya nyumba ya Ngamiani, nani alishinda, na kwa ushahidi gani? Baba mkubwa aliyefungwa wakati wa Mwingereza alishtakiwa kwa kosa gani hasa? Wazee wanasimulia, kila mmoja na upande wake, na kikao cha ukoo kinaahirishwa tena. Mara nyingi jambo lenyewe liliandikwa na karani, likatiwa namba, likafungwa kwenye jalada.

Kulisoma jalada hilo ni haki yako. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002, inafungua kwa wananchi nyaraka za umma zilizohifadhiwa zikishatimiza miaka 30 tangu ziandikwe, isipokuwa zile zinazozuiwa na sheria nyingine. Kwa hiyo kila mwaka unaoingia zipo karatasi ambazo mwaka jana zilikuwa zimefungwa na mwaka huu zimefunguka. Za Wajerumani na za Waingereza zilishavuka muda huo zamani. Za miaka ya Azimio la Arusha na vijiji vya Ujamaa nazo zimevuka.

Kinachowakwamisha watu ni namna ya kuuliza. Mtu anafika kwa Mtunza Nyaraka anasema, "Namtafuta marehemu babu yangu, aliitwa Bakari." Hapo hapana pa kuanzia. Nyaraka hazipangwi kwa majina ya watu. Zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika, na ndani ya ofisi kwa mambo iliyoshughulikia. Ukishajua babu alisimama mbele ya nani na mwaka gani, umeshajua nusu ya njia. Nitakuwa nikikurudisha kwenye jambo hilo moja kila hatua.

Hatua ya kwanza: Kaa na wazee, uliza maswali yanayofaa

Usianze na "ilikuwaje". Anza na "alikwenda kwa nani?" Alipelekwa kwa liwali, kwa akida (mtawala mdogo wa mashambani), kwa kadhi, bomani kwa DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, au kwa hakimu? Wazee wanakumbuka sana mlango ulioingiwa hata kama tarehe imewatoka. Mzee akisema "walikwenda kwa akida kwanza, hawakuridhika, wakapanda bomani", ameshakupa ngazi mbili za kutafuta.

Kisha tafuta mwaka kwa njia za pembeni. Uliza fedha. Kama faini au bei ya minazi ililipwa kwa rupia na pesa, tuko kabla ya 1905. Kama ni rupia na hela, ni miaka ya mwisho ya Mjerumani, kwa kuwa hapo rupia moja ilianza kugawanywa hela 100 badala ya pesa 64. Shilingi iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Uliza kodi: kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, kwa hiyo hadithi ya mtu aliyekamatwa kwa kodi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Uliza vita: mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kushuka Raskazone wakarudishwa, kisha kuingia kwao mjini mwaka 1916. Mtu aliyezaliwa "mwaka wa mizinga" amekupa tarehe ya kuaminika kabisa.

Fungua na sanduku la bibi. Risiti za kodi, kipande cha kazi cha shamba la mkonge, barua ya kuitwa shaurini, karatasi ya mirathi yenye muhuri: kimoja tu cha hivi kinaweza kuwa na namba ya jalada kwenye kona ya juu. Namba hiyo ni ya thamani kuliko masimulizi ya kikao kizima. Zipige picha mbele na nyuma. Usizipeleke kupigwa leminesheni hata kama zinachakaa, kwani joto na plastiki vinaiua karatasi ya zamani. Bahasha safi ya karatasi na mahali pakavu vinatosha.

Hatua ya pili: Jua nani alikuwa na mamlaka mwaka huo

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka.

Kabla ya Wajerumani, pwani yetu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mashauri yalikwenda kwa liwali wake na kwa kadhi. Mwaka 1888 Sultani aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Yakafuata mapambano ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, na tangu mwanzo wa 1891 serikali ya Ujerumani ikatawala yenyewe. Ukitafuta jambo la kabla ya hapo, usihangaike na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nenda Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani Unguja, kwenye kumbukumbu za Sultani na za ubalozi wa Uingereza.

Wakati wa Mjerumani, kulikuwa na milango miwili. Wazungu, na wachache waliohesabiwa pamoja nao, walisikilizwa kwenye mahakama yao iliyoitwa Bezirksgericht, na Tanga ilikuwa na yake. Waliobaki wote walikwenda kwa mkuu wa wilaya, Bezirksamtmann, ambaye alikuwa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja. Chini yake alikuwepo liwali mjini na maakida mashambani. Kwa hiyo shauri la babu wa wakati huo halimo kwenye majalada ya mahakama. Limo kwenye ya utawala wa wilaya, pengine katikati ya barua za barabara na kodi. Mashauri ya ardhi yana mlango wa tatu: mwaka 1895 Wajerumani walitunga amri iliyoifanya ardhi waliyoiita haina mwenyewe kuwa mali ya serikali, na kabla ya kugawiwa walowezi ilitakiwa tume ipite kuangalia nani analima wapi. Mkonge ulipoanza kulimwa, tangu 1893, na reli ilipoanza kujengwa hapa Tanga mwaka huohuo, ardhi ya Bondei na Usambara ilitembelewa sana na tume hizo. Ramani na maelezo yao ni mahali pazuri pa kutafuta jina la jumbe wa kijiji chako.

Waingereza walipoingia walikuta mashamba ya Wajerumani hayana wenyewe. Yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui na kuuzwa kwa mnada katika miaka ya 1920. Kama kijiji chenu kimepakana na shamba la mkonge, mafaili ya uuzaji huo yafuatilie, maana mpaka uliochorwa siku ya mnada mara nyingi ndio mpaka unaogombaniwa mpaka leo.

Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianzishwa 1920. Hapo watu wanadhani mambo yamenyooka: kesi ni ya mahakama, basi tafuta mahakamani. Hapana. Mahakama za wenyeji, yaani za liwali, kadhi na maakida, ziliendelea, na sheria ya mwaka 1929 ikaziondoa kabisa chini ya Mahakama Kuu. Aliyeshindwa kwa liwali wa Tanga alikata rufaa kwa DC. Akishindwa tena, kwa PC, yaani mkuu wa Jimbo la Tanga. Akishindwa huko, kwa Gavana Dar es Salaam. Hakimu wa kisheria haonekani popote kwenye ngazi hiyo. Mwaka 1951 sheria ya mahakama za mitaa ilibadili ngazi ya juu ikaweka mahakama kuu maalumu ya rufaa hizo, lakini DC na PC wakabaki njiani. Ni Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliyoleta mahakama za mwanzo tunazozijua na kuziunganisha na wilaya na Mahakama Kuu.

Ukielewa aya hiyo umejiokoa na nauli nyingi. Rufaa ya shamba ya mwaka 1936 itafute kwenye majalada ya ofisi ya DC Tanga, ya PC wa Jimbo, na ya Sekretarieti ya serikali kuu. Kesi ya mauaji ya mwaka huohuo itafute Mahakama Kuu. Mgogoro wa mshahara na shamba la mkonge utafute Ofisi ya Kazi, iliyoanzishwa 1926, ikavunjwa 1931, kisha ikarudishwa mwishoni mwa muongo huo. Katika miaka isiyokuwepo, rudi kwa DC. Mali ya marehemu aliyekuwa na hati au akaunti itafute kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye kazi zake tangu 2006 ziko chini ya RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini.

Baada ya uhuru: kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge mwaka 1967, kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, yote yana majalada ya mkoa, wilaya na wizara. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani unaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya TanzLII ya Mahakama ya Tanzania. Kwa majalada ya kesi yenyewe ya Mahakama Kuu Tanga ulizia masjala yao kwanza, maana si kila kitu kimehamishiwa hifadhi.

Hatua ya tatu: Andika jina kwa sikio la aliyeliandika

Sasa jina linaingia. Karani wa Kijerumani aliliandika kama alivyolisikia na kama lugha yake ilivyomruhusu. Sauti ya "j" yetu aliiandika dj, "sh" aliiandika sch, "ch" ni tsch, "y" ni j, "z" mara nyingi ni s, na "v" inaweza kuwa w. Juma Shabani anakuwa Djuma bin Schabani. Yusufu anakuwa Jussuf. Mzee anakuwa Msee. Na mahali vivyo hivyo: Muheza ni Muhesa, Mazinde ni Masinde, Vuga ni Wuga, Uzigua ni Useguha, na Lushoto iliitwa Wilhelmstal.

Mwingereza naye ana yake. Athumani ataitwa Osman au Othman, Hemedi atakuwa Hamed, Sefu atakuwa Seif, na Mwanaisha atakatwa vipande viwili. Andika karatasi moja yenye sura zote unazoweza kuzifikiria za jina unalotafuta, uwe nayo mkononi.

Kumbuka pia kwamba watu wa zamani hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Jina la pili ni la baba, na mara nyingine ni la kabila au mahali: Mdigo, Msegeju, wa Tongoni, wa Moa. Wanawake wanaandikwa "binti fulani", na wapo ambao jina lao halisi halikuandikwa popote, ila la baba au la mume. Ukitafuta bibi, orodhesha wanaume wote waliomzunguka.

Hatua ya nne: Tafuta kwenye mtandao kabla ya kupanda basi

Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani, yaliyobaki Berlin, yako Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, chini ya alama R 1001. Yamepigwa picha na yanasomeka bure kwenye mfumo wao uitwao invenio. Hayo ni ya ngazi ya juu: ripoti, reli, mashamba makubwa, migogoro iliyofika Ulaya. Jina la mkulima wa Mabokweni hutalikuta kirahisi, lakini utapata jina la Bezirksamtmann, tarehe za amri, na mipaka.

Kule Kew, London, hifadhi ya taifa ya Uingereza ina barua za Tanganyika chini ya CO 691. Orodha unaisoma mtandaoni. Majalada mengi yenyewe bado ni ya karatasi. Hapo hapo kuna mkusanyo wa FCO 141. Hayo ni majalada ambayo Waingereza waliyaondoa makoloni yalipokuwa yanapata uhuru, wakayaficha kwa miongo, wakaanza kuyafungua 2012. Ya Tanganyika yamo. Inaumiza kwamba mtu wa Tanga asome habari za mji wake London, na sauti zetu za kudai nakala zisinyamaze, lakini kwa leo jua yalipo.

Gazeti la Serikali usilidharau. Uteuzi wa maliwali, minada ya mashamba, matangazo ya mirathi, vyote vilichapishwa humo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye sehemu ya East Africana, ina machapisho mengi ya aina hiyo.

Hatua ya tano: Barua na ruhusa

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko chini ya Ofisi ya Rais, yenye jukumu la utumishi wa umma. Piga simu kwanza uulize mambo mawili: majalada unayoyataka yako Dar es Salaam, Upanga, au Dodoma, na wanahitaji nini kwa mtu wa aina yako. Mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mtanzania ajiandae na kitambulisho na barua ya utambulisho, ya chuo, ya kazini au ya serikali ya mtaa.

Barua ya maombi iwe fupi na itaje ofisi. Kwa mfano:

"Ndugu Mkurugenzi, naomba kusoma majalada ya Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Tanga na ya Mkuu wa Jimbo la Tanga, kati ya 1930 na 1940, yanayohusu rufaa kutoka mahakama ya Liwali wa Tanga na migogoro ya ardhi ya Pongwe. Pia naomba kuona Kitabu cha Wilaya ya Tanga. Lengo ni historia ya ukoo."

Linganisha na ile ya "namtafuta babu yangu Bakari". Anayesoma barua hii anajua aende kabati gani.

Hicho Kitabu cha Wilaya nakishauri kwa kila mtu. Kila DC wa Kiingereza alikuwa na daftari kubwa la kurasa za kuongezwa, ambamo aliandika historia za makabila kama alivyosimuliwa, majina ya majumbe na maakida, mipaka, mila za ardhi na ndoa. Yamo makosa mengi, maana aliyesimulia alikuwa na maslahi yake. Hata hivyo ukikisoma kwanza unapata ramani ya watu na vyeo kabla ya kuingia kwenye majalada mazito.

Hatua ya sita: Kwenye chumba cha kusomea

Nenda na penseli, kalamu ya wino iache. Mkoba, chai na maji vibaki nje. Omba orodha ya majalada. Ya Kijerumani yana alama ya G ikifuatiwa na namba, na orodha yake ilichapishwa Marburg, Ujerumani, mwaka 1973. Mkusanyo huo UNESCO iliuingiza kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Hazina ya dunia hiyo inasomeka Upanga, safari ya siku moja kutoka hapa. Ya Kiingereza yana namba ya mkusanyo kisha namba ya jalada. Nakili alama yote kama ilivyo, hata nukta.

Jalada la ofisi ya DC la miaka ya 1930 likiletwa mezani, usianze na karatasi ya juu. Majalada yalijengwa kwenda juu, karatasi ya mwisho ndiyo ya kwanza kuonekana. Geuza uanze chini kabisa. Upande wa barua, kila karatasi ina namba ya folio. Upande wa madokezo, maofisa wanaandikiana sentensi fupi, kila moja na herufi za jina na tarehe. Soma pande zote mbili kwa pamoja, dokezo likitaja folio 12 nenda folio 12. Barua ni ya kistaarabu. Kwenye dokezo ndiko ofisa anakosema anavyofikiri. Nimesoma barua ya upole kabisa kwa mwombaji, na dokezo lake linaonyesha uamuzi ulikwishapita kabla hajasikilizwa.

Alama ndogondogo zijue. P.A. ni amri ya kulirudisha jalada kabatini. B.U. na tarehe ni kwamba liletwe tena siku hiyo, na wafanyakazi wa masjala za leo wataitambua. H.E. ni Gavana, C.S. ni katibu wa serikali kuu. Kwa Wajerumani, z.d.A. ni liwekwe jaladani, Wv. ni liletwe tena, gez. ni "imesainiwa na" kwenye nakala. Neno Schauri ni shauri letu lilelile, na ukiliona kwenye jina la jalada, lifungue.

Mwandiko wa Kijerumani wa mkono ni wa aina yake, herufi zenye ncha zinazofanana zote. Hata Mjerumani wa leo asiyejifunza hausomi. Usikate tamaa. Kwanza, mengi yalipigwa taipu. Pili, Wajerumani waliandikiana na maakida na majumbe kwa Kiswahili. Shule ya serikali iliyofunguliwa hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilitoa makarani waliojua kukiandika kwa herufi za Kirumi, na barua zao unazisoma mwenyewe leo, kwa Kiswahili ambacho bibi yako angekielewa.

Tatu, zipo barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilizoambatanishwa na tafsiri. Hapa usitegemee tafsiri ya mkalimani wa wakati ule. Omba picha, uirudishe Tanga kwa mwalimu wa madrasa mwenye umri, aliyezoea kusoma barua za zamani. Waliobaki si wengi na ujuzi wao unaondoka nao, kwa hiyo fanya mapema, na mlipe kwa kazi yake. Tarehe humo ni za Hijria. Kukadiria, zidisha mwaka kwa 0.97 uongeze 622: mwaka 1320 unakuja 1902. Ukitaka siku kamili tumia jedwali la kubadilishia.

Na ukifika kwenye ushahidi wa babu yako mwenyewe, soma ukijua ulivyofika hapo. Alisema kwa Kidigo au Kibondei, mkalimani akageuza, ofisa akaandika kwa Kiingereza alichoona kinafaa. Maneno yaliyo kwenye karatasi ni ya mikono mitatu.

Hatua ya saba: Nakala, na nini usitegemee

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha kwa simu, na uliza ada. Kila picha iambatane na alama ya jalada na namba ya folio; kaandike kwenye kipande cha karatasi ukiweke pembeni ya ukurasa unapopiga. Picha isiyo na alama baada ya mwezi haina pa kurudi. Kama unataka karatasi ya kupeleka barazani au mahakamani, omba nakala iliyothibitishwa na hifadhi yenyewe.

Hapo nina neno kwa wenye migogoro ya ardhi. Jalada la 1930 linaonyesha kilichoamuliwa 1930. Si hati ya kumiliki leo. Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 inaweka miaka 12 ya kudai ardhi, na sheria za ardhi za 1999 zimebadili mengi. Jalada ni ushahidi mmoja kati ya mwingine. Mwone mwanasheria kabla ya kuanza kuwaambia watu wahame. Nimeona jirani wa miaka mingi wakiacha kuzikana kwa sababu ya fotokopi isiyosomwa mpaka mwisho.

Lingine ni zito zaidi. Kwenye majalada ya pwani utakutana na utumwa. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu, wakaamuru watoto wa watumwa wanaozaliwa baada ya 1905 wawe huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka Waingereza walipotunga sheria mwaka 1922. Hati zinataja jina, kabila, na jina la bwana. Waweza kukuta jina la bibi yako upande mmoja wa mstari na la familia ya rafiki yako upande wa pili. Usilirushe kwenye kundi la ukoo la simu. Wafuate wazee wa pande zote mbili, ana kwa ana, uwaulize wanataka lijulikane vipi. Aliyeandikwa kwenye hati hiyo alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na heshima hiyo inamfuata.

Jalada likikosekana

Litakosekana, mara nyingine. Vita, unyevu wa pwani, mchwa na kuhamishwa ofisi vimekula vingi. Orodha inasema lipo, kabati linasema halipo.

Hapo ndipo kujua ofisi kunakusaidia tena. Ofisi haziandiki peke yake. Barua ya DC Tanga kwenda kwa PC ilibaki nakala kwa DC na yenyewe ikaenda kwa PC. PC akiandika Dar es Salaam, Sekretarieti ilifungua jalada lake. Jambo likiwa kubwa, Gavana aliandika London, na liko kwenye CO 691. Kwa hiyo rudi kwenye karatasi zilizobaki, tafuta kwenye kona ya juu ya barua yoyote namba mbili: "namba yetu" na "namba yenu". Ile ya pili ndiyo ya jalada la mpokeaji. Jaza fomu mpya kwa namba hiyo, kwa jina la ofisi iliyopokea, na ukae usubiri liletwe.